Fyuzi ya Chumba cha Mama

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika hata bisibisi. Karakana yetu ilikuwa Moshi mjini, ya mkandarasi wa kufunga umeme majumbani na mashambani, na sisi wapya tulisimamishwa mbele ya ubao wenye fyuzi zilizopangwa safu. Fundi Mkuu, Mpare mrefu wa Usangi ambaye sikuwahi kumwona amekaa, alitutazama mmoja mmoja kama mtu anayechagua mbuzi mnadani. Kisha akauliza, "Fyuzi inalinda nini?"

Mmoja akasema inalinda taa. Mwingine akasema pasi. Mimi, kwa majivuno ya mtu aliyetoka chuo cha ufundi juzijuzi, nikasema inamlinda mtu asipigwe shoti.

"Rudini kwa mama zenu," akasema Fundi Mkuu. "Taa ikiungua utanunua nyingine. Mtu akishikwa na umeme, kinachomuua ni kidogo mno, fyuzi hii hata habari haina. Fyuzi inalinda waya. Waya umefungiwa ukutani, ukipata moto hauna pa kukimbilia."

Tulicheka kidogo, yeye hakucheka. Maneno hayo nimetembea nayo maisha yangu yote ya kazi, na hadi leo hayajaniacha nikakaa kwa raha. Nimestaafu, lakini mikono imekataa kustaafu. Nikiingia nyumba ya mtu, kabla chai haijaletwa nimeshapapasa ukuta juu ya soketi. Mke wangu amechoka kuniombea radhi kwa wenyeji. Nawaandikia ninyi mafundi wa sasa ili mjue tulivyofanya kazi, na pia mjue huu ugonjwa wa kupapasa kuta niliupata wapi. Niliupata kwenye chumba cha mama yangu, Mwika.

Nianze na namba, maana ndiyo inayowapoteza wengi. Fyuzi ikiandikwa ampea tano, usidhani kwamba umeme ukifika tano na nusu inakata papo hapo. Namba hiyo ni mzigo ambao fyuzi inaweza kuubeba mchana kutwa bila kulalamika. Zile za vishikio vya kaure, ambazo tulizifunga wenyewe kwa waya mwembamba, ya ampea tano haikuyeyuka mpaka mzigo ukaribie mara mbili yake, na hata hapo ilichukua muda. Mzigo ukizidi kidogo, fyuzi inajivuta. Ukizidi sana, kama nyaya mbili zinapogusana, inakatika kabla hujapepesa jicho. Ndiyo maana waya wa ukutani lazima uwe na uwezo mkubwa kuliko fyuzi yake, ili wakati fyuzi bado inajivuta, waya usiwe umeanza kuiva. Unachagua waya kwa mzigo, halafu unachagua fyuzi kwa waya. Anayeanza na fyuzi ameanzia mkiani.

Hesabu ya mzigo ni ya shule ya msingi. Chukua wati zilizoandikwa kwenye chombo, gawanya kwa volti mia mbili thelathini. Pasi ya wati elfu moja inavuta ampea nne na kitu. Birika la elfu mbili, karibu tisa. Hita ya elfu tatu, kumi na tatu. Hiyo kumi na tatu ya hita muishike vizuri, tutairudia.

Katikati ya miaka ya themanini duka la vifaa vya umeme lilikuwa na mwenye duka na kaunta, basi. Waya halali wa fyuzi, ule uliouzwa umezungushwa kwenye kadi, wa tano, wa kumi na tano na wa thelathini, ulikuwa ukisikika kama habari za ng'ambo. Fundi Mkuu akatufundisha njia ya dhiki. Unamenya waya laini wa pasi mbovu, ndani unakuta nyuzi nyembamba za shaba, unachukua uzi mmoja. Uzi mmoja wa aina ile ulikaribia ampea tano. Akikukuta umesokota nyuzi mbili kwenye fyuzi ya taa, anakuuliza, "Huu wa pili ni wa nani?" Na alisisitiza kwamba ni dawa ya muda tu, waya wa kadi ukipatikana unarudi kubadilisha.

Tatizo ni kwamba wenye nyumba walikuwa wakituangalia. Walijifunza nusu ya somo, kwamba shaba yoyote inafaa. Hawakuona kwamba tulikuwa tukichagua unene. Kuanzia hapo, katika kila soko akatokea mtu mwenye koleo anayejiita fundi, na kila fyuzi iliyokatika ikarudishiwa shaba nene kuliko ya mwanzo.

Baadaye nilihamishiwa Kahe, kwenye pampu za kumwagilia mpunga. Bosi wangu huko alikuwa Mhandisi wa Pampu, mama mmoja mwenye miwani mizito na hatua za haraka, na nakiri kwamba yale niliyodhani nayajua yeye ndiye aliyenifafanulia. Mota ya pampu inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake, kwa sekunde chache, kisha inatulia. Ukiiwekea fyuzi ya haraka, kila asubuhi unaomboleza. Inatakiwa fyuzi yenye subira, ile ya mcheduara wa kaure uliojazwa mchanga ndani ili uzime cheche inapokatika. Akanionyesha pia kwamba waya uliokuwa ukibeba mzigo wake vizuri kwenye baridi ya mlimani, kwenye joto la Kahe unahema. Waya ni uleule, lakini joto la nje limeshakula sehemu ya uwezo wake.

Siku moja fyuzi ya pampu ilikatika, nami nikakimbilia stoo kuchukua kubwa zaidi. Alinizuia mlangoni.

"Eliudi, unakwenda wapi?"

"Kuleta fyuzi yenye nguvu, Mhandisi."

"Fyuzi ikikatika usiulize ina ampea ngapi. Uliza kwanza nani kaikata."

Tulifungua pampu tukakuta gunia limejizungusha kwenye panga la kusukumia maji, mota inasukuma bila kuzunguka. Ningeweka fyuzi kubwa, ningechoma mota nzima na mpunga wa watu ungekauka. Swali lile nalo nikaliongeza kwenye ugonjwa wangu.

Kisha biashara ikafunguliwa, na Moshi ikabadilika mbele ya macho yetu. Nilirudishwa mjini, nikapewa eneo la Pasua. Kila kibanda kilikuwa na friza, kila saluni na mashine ya kukausha nywele, na mchomeleaji wa mageti alikuwa akichomeka mashine yake kwenye soketi ya sebuleni. Bidhaa zilijaa, nazo fyuzi zikaja kwa mifuko ya plastiki. Nyingine zilikuwa nzima. Nyingine ziliandikwa kumi na tatu kwa wino mzuri, lakini ukivunja ndani unakuta kipande cha waya ambacho hakina haja ya kuyeyuka. Msimamizi wa Kanda, mtu asiyeamini hata saa yake, alikuwa hapokei boksi mpaka achome moja uani kwa mzigo anaoujua. Tulikuwa tukimcheka. Leo natamani angekuwepo.

Lakini kilichonisumbua Pasua hakikuwa fyuzi bandia. Kilikuwa lugha ya wateja. Fyuzi iliyokatika waliiita mbovu, isiyokatika waliiita ya maana. Mwenye duka mmoja aliniambia, kwa jina wanaloitwa Wachaga wote mjini, "Mangi, nifungie ile ngumu bwana, hizi zako zina roho ndogo." Nilimweleza mpaka nikaishiwa mate. Nilipoondoka, akamwita mtu wa koleo.

Na kumbe maneno yaleyale yalikuwa yakisemwa nyumbani kwetu.

Umeme ulipofika upande wetu wa Mwika, nyumba ya mama niliifunga kwa mikono yangu. Taa zote niliziwekea waya wa milimita moja na fyuzi ya ampea tano. Soketi za sebuleni na jikoni niliziwekea waya mnene zaidi na fyuzi ya kumi na tano. Chumba cha mama kilikuwa cha mwishoni, kilichoongezwa baadaye, chenye dari ya plaiwudi, na juu ya dari tulihifadhi magunia matupu ya kahawa. Humo niliweka taa moja tu, maana hakuhitaji zaidi.

Kwetu Uchagani kitinda mimba ndiye anayebaki na kihamba, lile shamba la ukoo alilokaa baba, na kumtunza mama. Kitinda mimba nilikuwa mimi. Lakini kaka mkubwa ni kaka mkubwa, akisema unaitikia, na kaka yangu Aminieli alikuwa Dar, biashara ilikuwa imemnyookea, na kila Desemba alipanda mlimani na gari limejaa. Mwaka huu friza, mwaka ujao jiko la umeme la sahani mbili. Mbuzi anachinjwa, supu ya damu ya kisusio inapikwa, pombe ya mbege inaletwa, redio inaimba, kila kitu kimechomekwa, na katikati ya furaha, pu! Giza.

"Eliudi, hizi fyuzi zako ni za karatasi?" anauliza kaka mbele ya wageni.

Akimaliza kuuliza, anamtuma mtu senta, kule madukani, akamlete fundi wa pale. Unawekwa uzi mnene, muziki unarudi. Januari kaka anashuka Dar, mimi napanda, natoa shaba ya yule bwana, narudisha waya wangu. Vita hivyo viliendelea miaka kadhaa bila mtu kutangaza kuwa ni vita. Mama alikuwa akitutazama tu. "Mmoja anawasha, mmoja anazima," alikuwa akisema. "Baba yenu angekuwepo angewachapa wote."

Kisha mama akaanguka kwenye mteremko wa mfereji akavunjika nyonga. Alipona kwa kiasi, lakini kunyanyuka kitandani bila kushikwa hakuweza tena. Desemba ile kaka alimletea hita, nzuri kwelikweli, yenye koili tatu, wati elfu tatu. Mwika baridi ya Julai inaingia hadi kwenye mifupa, na mifupa ya mama ilikuwa imeshaonja taabu. Alimletea na birika la umeme, ili dada wa kazi amchemshie chai palepale. Aliyoyafanya aliyafanya kwa mapenzi, sina ubishi. Mimi Januari ile sikupata ruhusa. Nilikuwa nimerudishwa Kahe, pampu zilikuwa zinafungwa upya, na msimu ukasukuma msimu.

Sikuwa na raha. Sikujua hita ile imechomekwa wapi, maana chumba kile sikukiwekea soketi. Dada wa kazi nilipompigia simu ya senta alisema, "Inawaka vizuri, kaka, wala haijakatika hata mara moja." Neno hilo "haijakatika" lilininyima usingizi. Nilimwomba Mhandisi ruhusa, akaniangalia usoni na kusema, "Nenda tu, maana hata hapa hupo." Nikapanda Mwika katikati ya Julai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo ukae kwenye joto. Umeona mambo ya kaka yako?"

Koili zote tatu zilikuwa nyekundu, birika nalo linanguruma juu ya stuli. Mama alikuwa amechangamka, mashavu yana rangi. Nilifurahi, kweli nilifurahi. Kisha akakunja pua.

"Ila huyu mke wa jirani, tangu baridi ianze ni samaki tu. Asubuhi samaki, jioni samaki. Na hata mkia hajaniletea!"

Mke wa jirani nilikuwa nimepishana naye njiani, na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Jikoni kwake hapakuwa na moshi. Lakini harufu ilikuwepo, nami niliijua. Plastiki ya soketi na viungio ikipikwa taratibu na waya uliozidiwa, inatoa harufu ya samaki. Niliweka mkono ukutani, juu ya kitanda. Ukuta ulikuwa na joto la tumbo la ng'ombe.

Nilikimbia. Mzee mzima nilikimbia sebuleni nikazima swichi kuu, na mama nyuma yangu anapiga kelele, "We Eliudi, moto wangu!" Nikavuta kishikio cha fyuzi ya taa. Mle nilimoacha waya wa ampea tano kulikuwa na kipande cha shaba kinene kama njiti ya kiberiti. Fundi wa senta alikuwa ameunga soketi ya mama kwenye waya wa taa, ule wa milimita moja. Fanyeni hesabu wenyewe: hita kumi na tatu, birika karibu tisa, jumla ishirini na mbili, kwenye waya ambao hata kumi na mbili kwake ni jasho. Fyuzi yangu ya tano ingelikataa jambo hilo ndani ya muda mfupi. Ile njiti ya shaba isingelikataa hata nyumba ikawa majivu. Nilipanda darini, nikasogeza magunia. Yaliyolalia waya yalikuwa yamebadilika rangi.

Nilikata waya wote wa chumba kile. Mama alipata baridi usiku huo, nasi tulimfunika mablanketi yote ya nyumba na kumwekea jiko la mkaa barazani mpaka chumba kipate joto kidogo. Hakunisamehe. Kesho yake alidai kaka apelekewe maneno, na kaka akajibu kwamba anakuja mwenyewe, na kwamba fundi wa senta arudishe kila kitu kabla hajafika. Kahe sikurudi. Nilikaa kwenye kiti mlangoni pa nyumba ya mama yangu, na yule bwana alipotokea na koleo lake nilimwambia, kwa heshima zote, kwamba akivuka kizingiti tutashikana mashati. Akageuka.

Kaka alifika Jumamosi, na viatu vya Dar, na hasira.

"Mama anatetemeka kwa ajili ya fyuzi?"

"Shikamoo kaka."

"Achana na shikamoo! Mimi kwangu nina ghorofa, fyuzi hazikatiki mwaka mzima."

"Hizo ndizo zinazoniogopesha."

"Unanijibu?"

Nilikuwa sijawahi kumjibu. Nikaona bora mikono iseme. Nilimpa kipande cha waya nilichokitoa juu ya kitanda cha mama, urefu wa mkono. Alikikunja kidogo, kama mtu anayepima bidhaa. Ganda likavunjika vunjika, likamwagikia viatu vyake kama jani kavu la mgomba, shaba ikabaki uchi.

Aliangalia dari, akaangalia kitanda, akaangalia ile fimbo ya mama iliyoegemezwa ukutani, ambayo bila mtu wa kumshika haikumfikisha popote.

"Hita nilinunua mimi," akasema.

"Hita ni nzuri, kaka. Waya ndio mwembamba."

"Sasa tunafanyaje? Mama hawezi kukaa na baridi hii."

Tulifanya hivi. Nilivuta waya mpya kutoka kwenye ubao hadi chumba cha mama, wa milimita nne, wa kubeba zaidi ya ampea ishirini bila kutoka jasho, wa soketi hiyo peke yake. Nikaufungia fyuzi ya kumi na tano, kwa sababu hita ni kumi na tatu. Magunia tukayahamishia ghalani. Kaka mkubwa alinishikia ngazi tangu asubuhi hadi tulipomaliza, viatu vya Dar vimejaa vumbi la dari, na kila nilipoteremka aliuliza jambo. Jioni mama akawashiwa moto wake. Alinyoosha mikono kuelekea koili, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akasema, "Leo mmewasha wote wawili."

Desemba iliyofuata, mchana wa Krismasi, shemeji, mke wa kaka, alileta jiko la umeme chumbani kwa mama ili apike karibu naye, akalichomeka pamoja na hita na birika. Pu! Watu wote wakanigeukia. Mimi sikuinuka, kwa sababu kaka alikuwa ameshasimama.

"Nani kachomeka?" akauliza. Akaenda mwenyewe, akachomoa jiko, akarudi kunyoosha mkono kwangu. "Nipe waya wa kumi na tano. Nifunge mimi."

Nilistaafu miaka mingi baadaye, vilipokuwa vimeshaenea vikata umeme vya swichi, ambavyo vikikata unavirudisha kwa kidole. Ni vyema kuliko fyuzi zetu, sipingi. Lakini nawaona vijana wakivirudisha kwa kidole mara tatu, kisha wanakwenda dukani kuuliza chenye namba kubwa zaidi. Kifaa kimebadilika, kosa ni lilelile. Namba ile haipimi ubora, wala si nguvu unayonunua. Ni mpaka uliowekewa waya ambao huuoni, juu ya kichwa cha mtu unayempenda, na ukiusogeza kwa sababu unakukera, umemsogezea yeye hatari.

Mama alifariki Julai nyingine ya miaka ya baadaye, mwenyewe, kwa uzee, usingizini, kwenye chumba kilekile, hita yake ikiwaka. Dada wa kazi ndiye aliyetuita. Kaka alikuwa amekuja kumwona, kwa hiyo tuliingia pamoja. Watu wengine wangemshika mama mkono. Mimi, aibu yangu, mkono ulikwenda ukutani wenyewe, juu ya kitanda, pale pale. Ukuta ulikuwa wa baridi. Hapo ndipo nililia. Kaka hakuniuliza ninafanya nini. Alikuja akasimama kando yangu, akaweka mkono wake karibu na wangu, akauacha hapo.